Sahihi Mbili kwa Neno Moja

3 Februari

Mdogo wangu Kinoo,

Naanza na habari za nyumbani kabla hujaruka mistari kutafuta ubaya uko wapi, maana nakujua. Hatujambo. Wifi yako hajambo, cherehani mbili zinafanya kazi na ya tatu inajifanya mgonjwa. Baba yupo, anakula, anaoga mwenyewe, ananyoa ndevu bila kujikata. Kwa mtu wa miaka themanini na moja hayo ni mengi.

Ubaya ni huu: Baba anasahau. Si kusahau miwani, hiyo hata mimi nasahau. Juzi aliniita kwa jina la baba mdogo, ambaye tulimzika ukiwa bado shuleni. Nikaitika, ningefanyaje? Tukazungumza vizuri tu, akaniuliza habari za mke wangu ambaye si mke wangu.

Kwenye kadi zake lakini hajapotea, au niseme hajapotea sana. Toleo la pili la kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mchapishaji analipanga herufi baada ya herufi. A na B zimeshakwenda. C imekwama kwenye neno moja la Kiingereza, check. Tangu mwezi wa kumi yuko hapohapo. Kila asubuhi anatandaza kadi za neno hilo mezani, zimefika hamsini na mbili, anaongeza moja, anatoa moja. Anasema neno lenye maana nyingi hivyo lazima lilikuwa na mama mmoja, na yeye hafi kabla hajamjua mama huyo. Sheria yake ni ileile: kadi haiendi kwa mchapishaji bila sahihi mbili, ya aliyeiandika na ya aliyeisoma.

Daktari alinivuta kando akaniambia, kama kuna mtu anayetaka kuonana na mzee, aje wakati mzee bado anamjua. Nikamuuliza ni miezi mingapi. Akasema yeye si mpiga ramli.

Njoo, mdogo wangu. Ya zamani yameshapita.

Kaka yako,
Fundi

19 Februari

Shikamoo Kaka,

Barua yako imenifikia, nikaisoma mara mbili. Unasema ya zamani yameshapita. Kwako yalipita kwa sababu hayakukupata wewe.

Miaka sita nilikaa kwenye kile kiti chenye mgongo uliovunjika, mkabala na Baba, nikasoma kadi elfu kumi na nane. Kila aliyoandika niliipekua. Alipokosea nilimwambia, alipokataa tuligombana mpaka chai ikapoa. Yeye ndiye aliyeniita Kinoo, akisema bila mimi kisu chake ni butu. Kitabu kilipotoka nikafungua ukurasa wa shukrani: “Namshukuru pia binti yangu aliyenisaidia kupanga kadi.” Kupanga, Kaka! Kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Nikafunga mabegi. Hakuniuliza naenda wapi.

Sikatai kuja. Ila hapa gazetini tuko wasahihishaji watatu, mmoja ana likizo ya uzazi na mwingine haoni hata kosa lililoandikwa kwa herufi kubwa. Nitaangalia.

Kuhusu check, mwambie asihangaike, asili yake inajulikana. Mama anayemtafuta ni neno la Kiajemi, shah, yaani mfalme. Wachezaji wa sataranji walimtaja mfalme walipomtishia mfalme wa mwenzao. Ukitajiwa mfalme wako lazima uache ulichokuwa unafanya, ndiyo maana neno likaja kumaanisha kusimamisha na kuzuia. Ukimsimamisha mtu unamtazama, basi likawa kukagua. Ubao wa mchezo ule una miraba, ndiko kilikotoka kitambaa cha miraba. Hata hundi ya benki imo humo, kwa sababu ya kile kipande kinachobaki kwenye kitabu cha hundi ili kukagulia udanganyifu. Yote mfalme mmoja. Kadi kumi zinatosha, hamsini na mbili ni ubishi.

Halafu niambie: sahihi ya pili siku hizi anaweka nani? Au ameilegeza sheria?

Mdogo wako,
Kinoo

2 Machi

Mdogo wangu,

Maelezo yako nimemsomea Baba asubuhi, akiwa bado na nguvu. Alinyanyua uso: “Kinoo ndiye kaandika?” Nikasema ndiyo. Akaomba karatasi aishike mwenyewe, akaisoma polepole na kidole, akasema, “Mfalme. Nilijua tu kuna mkubwa nyuma ya hili.” Siku nzima alikuwa na furaha. Kesho yake asubuhi akaniuliza kama nadhani neno hili linatoka wapi.

Basi hapo kila siku ni vilevile, namsomea, anafurahi, linapotea. Siku moja nilikuwa nimechoka, nina sare za shule tatu za kumaliza, nikamtania. Nikamwambia, “Baba, sisi mafundi nguo tunajua. Walinzi wa malango ya zamani walikuwa wanavaa mashati ya miraba. Ukiliona shati unajua unakaguliwa.” Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Ya sahihi usijisumbue, sahihi ipo. Kila Alhamisi anafunga bahasha kwa gundi na kunikabidhi, kazi inakwenda.

Wewe niambie lini unakuja. Anakuulizia. Jana alisimama dirishani akasema, “Kinoo anapenda kupitia mlango wa nyuma.” Nikaufungua ukae wazi, asije akadhani umefungiwa. Wifi yako akalalamikia mbu.

Kaka yako,
Fundi

15 Machi

Shikamoo Kaka,

Mwezi wa sita. Nimeomba likizo, mhariri amekubali kwa mdomo, bado kwa maandishi. Mwezi wa sita si mbali.

Mdogo wako,
Kinoo

10 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima.

Leo mchapishaji ameniletea kurasa za majaribio za herufi C, akaandika kwamba zinatumwa kwangu nikiwa mtunzi wa pili. Nikaona jina langu limewekwa kwenye jalada chini ya lako. Sikuombwa ruhusa.

Nikafika kwenye check. Imeandikwa kwamba neno hilo asili yake ni mashati ya miraba waliyovaa walinzi wa malango. Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba asili ya neno haibuniwi, hutafutwa, na isipopatikana huandikwa “haijulikani.” Hakuna kitabu chochote duniani kinachosema habari za mashati hayo. Asili ni mfalme wa Kiajemi kupitia sataranji. Kitambaa kilikuja baadaye sana, kwa sababu ya ubao. Umemfanya mjukuu kuwa bibi.

Pamoja na kurasa hizo wameambatisha nakala ya kadi. Chini yake kuna sahihi mbili, yako na yangu. Sahihi hiyo si yangu. Sijaisoma kadi hiyo, wala sijasoma kadi yako hata moja tangu nilipoondoka nyumbani miaka minane iliyopita. Aliyekwambia ninazisoma amekudanganya.

Nimemwandikia mchapishaji asimamishe herufi C mpaka kosa lisahihishwe. Siwezi kuweka jina langu juu ya uongo.

Binti yako

21 Aprili

Kinoo,

Sina salamu leo.

Barua yako ilikuja nikiwa nje namkabidhi mteja suti. Ingekuja kwangu ningeificha, sikatai. Lakini ulimwandikia yeye, na posta ikampa yeye, na siku hiyo kwa bahati mbaya alikuwa ameamka na akili zake zote. Nilipoingia alikuwa ameshaisoma. Ilikuwa mezani, imelazwa juu ya kadi, naye ameshika kalamu nyekundu na amesahihisha koma moja kwenye barua yako. Koma hiyo ulikosea kweli.

Akaniuliza, “Bahasha nilizokupa zilikwenda wapi?”

Sasa sikia, na usinikatize. Bahasha ya kwanza niliituma. Miaka saba na kitu imepita, ulikuwa umehama na mimi ndiye niliyekupa nauli. Alikuwekea humo kadi ishirini usome. Uliirudisha haijafunguliwa, umeandika juu yake kwa kalamu ya risasi “Mimi ni mpanga vikombe.” Ningempa Baba ile? Wewe ungempa? Nikakaa nayo siku nne. Sahihi yako naijua, nilikuwa naiiga kwa mchezo kwenye madaftari yako tangu uko darasa la nne, wewe mwenyewe ulinifundisha mkia wake. Nikaweka sahihi ishirini, nikamrudishia. Alifurahi. Alhamisi iliyofuata akanipa bahasha nyingine.

Ndivyo ilivyoanza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, yangu imekwenda miaka saba. Mimi Kiingereza changu ni cha kupimia nguo, naweka sahihi tu, sijui kama neno ni sawa au si sawa. Mwanzoni nilikuwa namwonyesha mwalimu mmoja jirani, baadaye alihama. Baba aliwahi kusema, “Siku hizi Kinoo hanikosoi.” Nikamwambia umekua. Akasema, “Watu hawakui namna hiyo,” lakini akaendelea kuzifunga.

Kadi ya mashati nilijua si kweli. Barua yako ya mfalme ilikuwa kwenye droo ya vifungo. Lakini aliniletea kadi ile mwenyewe, anatabasamu, utani wangu kauandika kwa mwandiko wake mzuri kama jambo alilolitafuta maisha yake yote, kakaa sawa, kapumzika. Nikaweka sahihi yako. Hilo ni kosa langu na nalibeba.

Lakini na wewe ubebe lako. Uliona jina lako kwenye jalada ukaona kosa la ruhusa tu. Unajua lilifikaje pale? Mchapishaji alimwambia msaidizi hawekwi kwenye jalada. Baba akakataa kuwapa herufi A. Mwaka mzima walivutana, wakamtumia barua za wanasheria, akazifanya kadi, akaandika nyuma yake. Mwisho wakachoka wao. Hakutaka nikwambie. Alisema utaliona mwenyewe siku kitabu kitakapotoka, na alikuwa akijizoeza sura atakayokuwa nayo siku hiyo. Mzee mzima, anajizoeza mbele ya kioo cha dukani kwangu.

Nilipomweleza haya yote ya sahihi, alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakusanya kadi za check, zote hamsini na mbili, akazifunga kwa uzi niliompa mimi, akasema, “Basi hazijasomwa.” Tangu hapo hajakaa mezani. Anakaa kitandani. Wiki hii ameniita Fundi mara moja tu, siku nyingine ni baba mdogo.

Mwezi wa sita ni mbali.

Fundi

30 Aprili

Shikamoo Kaka,

Nimeandika barua hii mara tano. Kazi yangu ni kusahihisha maneno ya watu, na yangu mwenyewe hayakubali kukaa.

Bahasha ile naikumbuka. Nilikaa nayo sakafuni chumbani, nikaipima uzito kwa mkono, nikajua ni kadi, nikajua anataka nini. Nilitaka aniandikie jambo jingine, sio kazi. Nilitaka mstari mmoja tu wa kuniuliza kama nimekula. Sikufikiri kwamba kwa mtu kama Baba kadi ndiyo njia ya kuuliza. Au nilifikiri, nikakataa kwa hasira. Nadhani nilifikiri.

Na barua ya Aprili niliiandika kwa furaha, Kaka. Nataka ulijue hilo, usinionee huruma bure. Nilipoliona kosa la mashati nilifurahi. Nikasema: haya, bila mimi ameandika upuuzi, na dunia nzima itaona. Sikuuliza kwa nini mtu makini kama yule aandike hivyo. Barua yako ya Februari ilikuwa mezani pangu, imesema wazi kwamba anasahau. Nimelipwa mshahara miaka minane kwa kuona kila kitu kwenye ukurasa, nikaliona shati nisimwone baba yangu.

Nimemwambia mhariri likizo naichukua sasa, akitaka anifukuze. Nakuja Jumamosi ijayo, tarehe tisa. Usimwambie Baba, nisije nikachelewa gari akangoja. Na usinipokee kwa heshima yoyote.

Mdogo wako,
Kinoo

18 Mei

Shikamoo Kaka,

Nimerudi salama huku kwangu, na tangu nifike nakwepa kukuandikia.

Jumamosi ile uliponifungulia mlango hukunigombeza. Ulinishika bega, ukasema nimekonda, ukaniambia Baba ameamka vizuri, ameuliza kalamu yake. Kisha ukasema unakwenda kuchukua nyuzi kwa muuzaji, utarudi baada ya nusu saa. Nyuzi ulikuwa nazo, Kaka, niliziona rafuni rangi zote. Ulitaka kutuachia nafasi. Nakushukuru.

Uliporudi ukatukuta tumekaa kitandani, Baba amenishika mkono kwa mikono yake miwili, wote tunalia kidogo. Ulisimama mlangoni, uso wako ukafunguka. Ulikwenda jikoni nikakusikia unamwambia wifi, “Amemjua. Alhamdulillahi, amemjua.” Ukaweka maji ya chai huku unapiga mluzi. Nikashindwa kukwambia siku ile, nikashindwa na Jumapili. Nimekuacha ufurahi siku tisa. Leo naona nikiendelea nitakuwa nimeanza Alhamisi zangu mwenyewe.

Hakunijua, Kaka.

Niliingia nikasema shikamoo Baba. Akasema marahaba, karibu, kaa, kiti hicho kimevunjika mgongo ila kinabeba. Akaniuliza, “Umetoka kwa mchapishaji?” Nilidhani ananitania. Nikamtazama, nikaona ananitazama kwa adabu tu, vile anavyomtazama mtu wa ofisi aliyesafiri kwa ajili yake. Nikasema ndiyo.

Akasema, “Mwambie bosi wako C haijakamilika. Kuna neno moja kadi zake hazijasomwa. Mimi sitoi kadi isiyosomwa.” Nikamuuliza nani anazisoma. Ndipo akaanza kunisimulia habari zangu. Kwamba ana binti, yuko mbali, ana kazi kubwa gazetini. Kwamba ana jicho ambalo hajawahi kuliona kwa mtu mwingine, wala kwake mwenyewe. Kwamba pamoja na shughuli zake zote kila wiki anamsomea kadi, miaka na miaka, hajakosa hata Alhamisi moja. “Zamani alikuwa mkali,” akasema. “Siku hizi ananihurumia, hanikosoi. Lakini anasoma. Sahihi yake haikosekani.”

Barua yangu ya Aprili imeshafutika kichwani mwake, Kaka. Kilichobaki ni wewe. Miaka yote saba uliyoandika jina langu imebaki, na anaiita mimi. Nilikaa pale nikisifiwa kwa kazi yako, sikuwa na pa kuweka macho.

Nikamwambia kadi za check nitazisoma mimi pale pale, kwa niaba ya binti yake, kama ataniruhusu. Akafikiri. Akasema sheria hairuhusu, ila kwa kuwa nimetoka mbali. Akanielekeza ziliko. Nikazifungua nikazisoma zote, nikaitoa ya mashati, nikamwonyesha ya mfalme ambayo aliiandika mwenyewe mwezi wa pili baada ya wewe kumsomea. Akaisoma kwa kidole. Akasema, “Mfalme! Nilijua kuna mkubwa nyuma ya hili.” Nikaweka sahihi. Jina langu, kwa mkono wangu. Akaikagua, akasema nimeiga vizuri sana, ila mkia wa binti yake unapinda kidogo zaidi.

Halafu akasogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayemwomba karani ampendelee.

“Wewe uko ofisini kwao, unaweza kunisaidia. Kwenye kitabu cha kwanza niliandika ukurasa wa shukrani kwa haraka. Waliniambia nina mistari kumi tu, nikawataja wakubwa kwanza. Alipofikiwa yeye mistari ilikuwa imekwisha. Niliandika neno dogo. Nimelitafutia jingine tangu siku hiyo, nilikuwa silipati, na nilikuwa siwezi kumwandikia kabla sijalipata. Unadhani aliusoma ukurasa ule?”

Nikasema, “Hapana, Baba. Watu hawasomi kurasa zile. Nina hakika hakuusoma.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Akashusha pumzi mpaka mabega yakateremka. Akasema, “Afadhali.” Ndipo akanivuta nikae naye kitandani, akanishika mkono, ndipo ulipoingia.

Mdogo wako,
Kinoo